Komeo la Mlango wa Uani

Jumanne, 6 Januari

Mlango wa uani umeamka wazi tena. Jana niliukomea kwa mkono wangu huu. Alfajiri natoka kwenda chooni, nakuta komeo limevutwa, mlango umerudishiwa tu kama mdomo wa mtu aliyesinzia. Mama Tabitha yuko jikoni anachochea moto. Hana habari.

Nimemuuliza. Kasema, "Paka huyo, Baba Tabitha." Paka wetu ana akili kunishinda, hilo nakubali. Lakini komeo la chuma hawezi.

Nimechoka na mlango huu. Tangu mama yake afariki ndio ugomvi wetu. Wenzangu waligombana na wake zao kwa pombe na wanawake. Mimi komeo.

Daftari hili kaniletea binti yetu Tabitha alipokuja likizo. Kasema niandike safari siku kwa siku, nisije nikasahau. Safari yenyewe ni mwisho wa mwezi. Ila mimi niliishia darasa la nne, mkono ni mzito, bora nianze mapema kuuzoeza. Mwalimu wangu marehemu akiuona mwandiko huu atafufuka aje anichape.

Safari ni hii. Tabitha anafua mashuka kwenye meli kubwa ya watalii, kazi ya miaka sasa. Wenye meli wana utaratibu wao: mfanyakazi wa siku nyingi anaruhusiwa kuleta wazazi mara moja, kama vyumba vimebaki. Mwaka huu vimebaki. Basi mimi, mstaafu wa gengi la reli, na mke wangu, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, tunapandia Dar, tunakwenda Unguja, Shelisheli, Morisi, Bukini, mpaka Afrika Kusini, halafu ndio turudi. Mwezi na ushee juu ya maji. Chumba chetu hakina dirisha. Nimesema afadhali, sina haja ya kuangalia kina.


Alhamisi, 8 Januari

Chupa. Kilosa nzima inaleta chupa. Wamesikia tunakwenda baharini, kila mtu anataka maji ya bahari. Bi Salma, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kaleta mbili. Moja ya mguu wake unaouma, moja ya mkwewe ambaye duka lake haliingiwi na mteja. Nikamwambia hayo maji nitayachota hapa hapa mtoni Mkondoa, nitie chumvi, mguu hautajua tofauti.

"Mzee, wewe utakufa na huo ulimi wako."

"Sasa ulitaka nife na wa nani?"

Kaondoka anacheka. Mke wangu hakucheka. Jina lake Damari, naliandika humu tu, mdomoni ni Mama Tabitha. Tangu Krismasi hacheki. Anakunja nguo, anakunjua, anakunja tena. 

Jioni Tabitha kapiga simu. Mama yake kamuuliza, mtu akifia melini anapelekwa wapi. Tabitha kasema kuna chumba cha baridi, anarudishwa kwao. Mimi nikadakia, anawekwa pamoja na samaki, ndio maana supu yao inasifiwa. Mama Tabitha kanipa simu, katoka nje.

Sasa nimeelewa. Anaogopa kufa akakosa kaburi. Mtu mzima, mkristo, anaogopa kukosa shimo.


Jumamosi, 10 Januari

Nilikwenda Mikumi. Mgongo umekwisha.

Mikumi ni malori. Yamepangana kandokando ya lami, madereva wanakula nyama choma saa nne asubuhi, wasichana wanauza vitunguu na karanga dirishani. Nyani wamekaa pembeni ya barabara kama wastaafu, wanangoja cha kutupiwa. Nimewasalimu. Wenzangu.

Nimenunua sanduku la magurudumu, maana la kuazima zipu imekufa. Nimenunua na suti ya mtumba. Tabitha kasema kule kuna usiku wa kula wamevaa suti. Kijana muuzaji kaniambia, "Mzee, hii suti ya meya hii." Nikamuuliza meya alikufa akiwa nayo au walimvua kwanza. Suruali ndefu, itakatwa.

Na kufuli. Kubwa, zito, kama yale wanayofungia matela ya malori. Nyumba inabaki tupu mwezi mzima na nyuma yetu ni tuta la mto, kila mwizi anapita huko. Hilo ni la mlango wa uani.

Nimerudi jua linazama. Mama Tabitha kaiona suti, kasema itanikaa. Kaliona kufuli. Kafuta mikono kwenye kanga muda mrefu na mikono haikuwa na maji.

"La wapi hilo?"

"La uani."

Basi. Mimi namjua. Akinyamaza hivyo ni bora angenipiga.


Jumapili, 11 Januari

Kanisani tumeombewa. Kasisi katusimamisha mbele, akina mama wakaimba wametuzunguka. Wimbo mzuri, lakini ni ule ule walioimba wakati wa kumzika mzee wa kanisa mwezi uliopita. Nilijiona niko ndani ya sanduku.

Halafu mambo ya shikamoo. Mzee mwenzangu kaniuliza huko melini wazungu wote ni wazee, nani atamwamkia nani. Swali zuri. Nimesema nitaitikia marahaba hata kama hawajaamkia, wakishangaa shauri yao.

Tumerudi nyumbani, kufuli halipo mlangoni. Nimelitafuta uvunguni, kabatini, bandani kwa kuku. Nimelikuta kwenye pipa la unga, limezikwa. Nimelipangusa, nimelirudisha. Mama Tabitha kasimama ananitazama.

Nikamwambia, mwanamke, unataka wezi watuachie nini tukirudi, kuta?

Kasema, "Mimi siendi."

Hivyo tu. Kaingia ndani.


Jumanne, 13 Januari

Hospitali kwa cheti cha safari. Daktari kijana kaniuliza kama naweza kupanda ngazi. Nikamwambia kupanda naweza, niulize kushuka. Kaandika nimefaa. Mama Tabitha kapimwa naye, maana nilimwambia kupima si kwenda. Kafaa kunishinda. Presha yake ya msichana.

Tabitha kapiga. Majina yanathibitishwa Alhamisi ya wiki ijayo, ikipita hiyo chumba wanapewa wengine. Kauliza mama anaendeleaje na maandalizi. Nikasema anaimba tu. Uongo. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, ameupa mgongo mlango, kama askari.

Nimechoka. Miguu, macho, na huku kubembeleza. Sikuzaliwa mbembelezaji. Niliposa mara moja na sikurudia sentensi.


Jumatano, 14 Januari

Mto umekuja. Hapa hapakuwa na wingu hata la kufutia kamasi. Ndivyo ulivyo Mkondoa, hauletwi na mvua yetu. Inanyesha huko Mpwapwa, watu wa huku wanaanika mpunga juani, ghafla unasikia kishindo kama treni ya mizigo. Mwaka gani sijui ulibeba reli yetu ukaikunja kama ushanga, tukakaa kwenye matope gengi zima.

Leo haukutoka nje ya tuta. Umepita mwekundu na magogo yake. Mama Tabitha kasimama mlango wa uani mpaka ulipopungua. Mto ukija lazima asimame hapo. Na lazima apike kingi. Leo kabakiza sahani ya ugali na mboga, kaifunika na kawa, kaiweka kwenye stuli karibu na mlango.

Naongezea Alhamisi asubuhi: nimeikuta pale imepoa. Nimeila. Kumbe kosa. Kaniuliza, "Umekula?" Nikasema ndiyo, chumvi ilipungua. Kanitazama kama mtu aliyekojoa kanisani.

Nyumba hii haina raha.


Ijumaa, 16 Januari

Kaja Masanja. Amenifurahisha kidogo.

Masanja tulikuwa gengi moja, tulipigilia mataruma ya reli pamoja mpaka tukastaafu pamoja. Mnyamwezi, mimi Mkaguru, kwa hiyo ni mtani wangu. Mimi namwita mpagazi, yeye ananiita maiti yangu. Ana haki. Nikifa ndiye atakayechimba, ndiye atakayevaa kofia yangu na kuigiza ninavyotembea, wafiwa wacheke hata kama hawataki. Na nyama ya msiba ataila bila kuulizwa. Utani una sheria zake. Mtani hakosei na mtani haombi radhi.

Nikamweleza. Mke anaogopa kufia baharini bila kaburi, hataki kwenda. Masanja kafikiri, kajikuna. Kasema dawa ipo. Mtu akipotea mwili usionekane, watu wanafanyaje? Wanazika mgomba. Unakatwa mgomba wa kimo cha mtu, unavishwa sanda, unalazwa kaburini, watu wanalia, matanga yanakaa, yanaisha. Sasa kwa nini tungoje? Tuzike mapema. Anizike mimi kesho, mgomba wangu nyuma ya jiko, na nafasi ya mama tumwachie pembeni. Kaburi tayari. Hata tukiliwa na papa, huku nyumbani hesabu imefungwa.

Nilicheka mpaka kifua kikauma. Mama Tabitha atacheka tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anamchekea Masanja kwenye misiba mpaka anajifunika kanga.

Kesho ana kikao cha akina mama kanisani. Akirudi atakuta niko marehemu.


Jumamosi, 17 Januari

Nitaandika kwa kifupi.

Masanja kaja na mgomba begani, kaung'oa na kitako chake, kautoa shambani kwake. Tukauvisha shuka jeupe, tukaufunga kamba tatu. Kavaa kofia yangu na suti ya meya, suruali inaburura. Majirani wakajaa uani. Masanja analia, "Maiti yangu, umeondoka na deni la tumbaku yangu, nani atanilipa?" Anatembea kama mimi, kifua mbele, makalio nyuma. Bi Salma kakaa chini kwa kucheka, kausahau mguu. Mimi marehemu nimeketi kwenye kigoda, nagawa kahawa msibani kwangu.

Ule mgomba tuliulaza kwenye kizingiti cha mlango wa uani, tukingoja shimo.

Mama Tabitha kaingilia mlango wa mbele. Kapita ndani. Katokea mlango wa uani na Biblia mkononi. Kautazama ule mgomba kwenye sanda, palepale miguuni pake.

Nilingoja acheke.

Kaanguka. Si kuzimia, kakaa chini. Kisha akalia. Sijawahi kusikia kilio kile kwake. Wazazi wake hakuwalilia hivyo. Analia anaita, "Kaka. Kaka yangu." Wanawake walidhani anaigiza, wakaitikia. Halafu wakaona si igizo. Bi Salma ndiye aliyemfunika kanga, akamwingiza ndani.

Watu wakaondoka mmoja mmoja. Masanja akavua suti yangu, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kigoda. Masanja kukosa neno, hilo nalo ni la kuandika.


Jumapili, 18 Januari

Hakwenda kanisani. Kapika, kaniwekea, kaenda kulala.

Mgomba umelala palepale kizingitini. Nilitaka kuutupa mtoni. Kaniambia kupitia dirishani, usiutupe. Nikauliza niuzike? Kasema usiuzike. Nimeuacha. Umenyeshewa.

Mimi ni mjinga mkubwa. Ila sijui bado nimefanya nini.


Jumanne, 20 Januari

Leo kasema. Alikuwa anapeta mchele, hakuacha kupeta.

Alikuwa na kaka, Yeremia. Hilo nilijua. Nilipokuja kuposa niliambiwa huyu kaka yao alichukuliwa na mto, hakuonekana, basi. Mtu hachimbui. Lililobaki sikulijua, na sababu ni adabu. Kwetu nyumba ni ya upande wa mama, nilioa nikahamia hapa kwa mama mkwe. Na mkwe na mkwewe hawaonani ovyo. Uani kulikuwa kwake, mbele kulikuwa kwangu. Mpaka anafariki yule bibi sikuwahi kukanyaga kizingiti kile. Ningemuuliza nani habari za mlango?

Siku ile Yeremia alikuwa anavuka ng'ambo kwenda ngomani, jioni, maji ya magotini, anga safi. Alitokea mlango wa uani, viatu mkononi, akageuka akasema, "Msikomee, narudi sasa hivi." Walimwona katikati ya mto, viatu kavibeba kichwani. Halafu kishindo.

Wakamtafuta mpaka huko chini mbugani. Hakuna. Wazee wakasema azikwe mgomba. Wakaukata, wakauvisha sanda, wakauleta, wakaulaza kwenye kizingiti cha mlango wa uani. Damari alikuwa mtoto, amesimama nyuma ya mama yake. Mama akatoka na mwiko, akawafukuza wazee wa watu na heshima zao, akaubeba ule mgomba mwenyewe akautupa mtoni. Akasema mwanangu kasema anarudi. Matanga hayakukaa. Mlango haukukomewa tena. Na alipokuwa anakufa alimshika mkono binti yake akamwambia, "Komeo nakuachia wewe."

Kwa hiyo si paka.

Nikamuuliza, taratibu, na mimi taratibu siijui, kama anaamini Yeremia atakuja.

"Sina wazimu, Baba Tabitha. Angekuwa mzee kukuzidi. Lakini nikikomea, mimi ndiye nimemzika."

Kaendelea kupeta. Mchele ulishakuwa safi zamani.


Jumatano, 21 Januari

Nimelitoa kufuli. Nimeng'oa hata misumari yake.

Kumbe hakuogopa kaburi lake. Na mimi nikala sahani ya marehemu, nikasema chumvi imepungua. Nimekwenda kwa Masanja, nimemweleza yote.

Kesho ndio mwisho wa majina. Nimewaza kumwambia Tabitha awape wengine chumba. Simu nimeishika, nimeiweka. Nasema kweli humu, hakuna anayesoma: nataka kwenda. Nataka sana. Maisha yangu yote nimetengeneza njia ya watu wengine kupita. Treni inapita, unasogea kando na nyundo, unapunga mkono, wanakwenda Dar, wewe unabaki na kokoto. Bahari nimeiona mara moja, nyuma ya makontena.

Lakini peke yangu hapana. Nitamchokoza nani mwezi mzima? Na sitamwambia aache mlango. Tumekwama. Yeye hawezi kuondoka ukafungwa, na nyumba tupu haiwezi kubaki wazi.

Nimechoka mpaka kope.


Alhamisi, 22 Januari

Asubuhi nasikia mtu anaburuta kitu uani. Masanja. Kaja na mkeka, sufuria, redio yake iliyofungwa mpira, na blanketi la gengi, lile la kijivu, la enzi zetu. Kavitua kwenye kizingiti. Hajabisha hodi. Kakaa.

Mama Tabitha katoka. Masanja kamwamkia, kaitikiwa kwa shida. Nikadhani sasa atamwomba radhi, sheria ya utani itavunjika leo. Hakuomba.

Kasema, "Shemeji, nimehamia. Nyumba yenu ina mlango mbaya, unahitaji mtu mbaya. Ninyi nendeni. Mimi nalala hapa, mlango wazi, mwezi mzima."

Mama Tabitha kautazama ule mkeka.

"Kaka yako akija nitampokea. Ni mtani wangu vilevile, nitamtukana kidogo kwa kuchelewa. Nitampa chakula."

"Akiniulizia?"

Aliuliza hivyo. Kwa sauti ndogo.

Masanja kanyoosha kidole kwenye tuta. "Huu mto unaishia wapi? Si baharini? Nitamwambia, dada yako kachoka kukungoja huku juu, kaenda kukufuata huko unakomwagika. Mmepishana njiani. Keti ule, anarudi sasa hivi."

Mama Tabitha kashika fremu ya mlango.

"Na nitamwambia ule ugali wa siku ile ulikuwepo, shemeji yako ndiye aliyekula."

Hapo akacheka. Huku analia, lakini kicheko kilikuwepo, nilikisikia, kile cha misibani cha kujifunika kanga. Kaingia jikoni. Katoka na uji, kampa Masanja kwanza. Kisha kaniambia, bila kunitazama, "Mpigie mtoto. Mwambie majina yote mawili."

Nimepiga. Tabitha kauliza mbona sauti yangu mbaya. Nikasema moshi.


Jumamosi, 24 Januari

Tunafungasha. Kweli sasa.

Masanja kaupanda ule mgomba nyuma ya jiko. Kwa kuwa ulikuwa na kitako chake, kasema unaweza kushika. Kasema hazikwi mtu ambaye hajatoa taarifa ya kufa. Mama Tabitha kaumwagilia.

Masanja kaelekezwa kazi. Mto ukija, asimame mlangoni. Sahani ifunikwe na kawa, mboga isiwe na pilipili, Yeremia hakupenda pilipili. Masanja anaitikia kila kitu, "Ndiyo, shemeji," kama kuruta. Akageuka kwangu, "Maiti yangu, na wewe una usia?" Nikamwambia asiguse tumbaku yangu. Kasema ameshaigusa.

Suti ya meya imekatwa. Chupa za watu zimeingia kwenye kiroba. Bi Salma kaja kuhakikisha zake zina alama. Sanduku kubwa halikuwa na cha kufungia, zipu mbili zinakutana tu. Nilipotoka kuoga nikakuta limefungwa. Lile kufuli la matela. Linaning'inia pale kama kengele ya ng'ombe. Ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga.

Sikusema kitu. Najifunza.


Jumatatu, 26 Januari. Mikumi

Njia ya Dumila ina maji, tumezungukia huku. Basi la Dar linapita kesho asubuhi. Tumechukua chumba gesti, dirisha linatazama malori.

Asubuhi alitoka nyumbani kwa mlango wa uani. Mimi nilitoka wa mbele na sanduku, nikazunguka. Nilimkuta amesimama kizingitini na Masanja. Sijui walisema nini, sikusogea. Aliurudishia mlango kwa kiganja, kama kawaida yake. Hakuukomea. Kisha tukaenda.

Tulipopita mbugani aliwaona twiga, akasema wamechoka kama mimi. Nikakubali.

Jioni Masanja kapiga. Anataka kuongea na shemeji, si mimi. Nikaisikia sauti yake mpaka nilipokaa: mlango uko wazi, kaingia kuku wa Bi Salma tu, kala sahani yote na hakusema ahsante. Mama Tabitha kamwambia aweke nyingine. Kasema ameshaweka.

Tumekula chipsi. Miguu yake imevimba kidogo, nimemletea maji ya moto kwenye beseni, kaiweka humo. Nje dereva mmoja anagonga tairi zake kwa chuma, moja moja, anasikiliza. Nimeikumbuka nyundo yangu.

Kapanda kitandani, upande wa ukutani. Mimi nikakaa kuandika. Nikadhani kashasinzia.

Kasema, "Baba Tabitha. Komea mlango. Hapa hakuna anayetujua."

Nimeinuka. Komeo la hapa ni jipya, limeingia bila kelele. Nimesimama pale kidogo na mkono juu yake.

Amelala sasa. Nami nitamfuata, nikimaliza mstari huu.